Sindano au vidonge vya kupungua uzito?
Orlistat haina mambo mengi, unameza kidonge pamoja na msosi, kinazuia kama asilimia 30 ya mafuta uliyokula yasiingie mwilini, sasa hayo mafuta yanatokea wapi? Chooni. Ukienda mnada wa Msalato, Dodoma, ukashindilia mbuzi choma halafu upande daladala kurudi mjini, aisee, yanaweza kuchuruzika bila taarifa, vaa nguo nyeusi tu. Na kupungua kwenyewe kilo chache.

Semaglutide ndo habari nyingine, sindano mara moja kwa wiki, inakata hamu ya kula, kwenye utafiti wa 2021 watu walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao kwa wiki 68. Ila kichefuchefu, kutapika, choo kigumu, na wachache wanapata mawe kwenye nyongo au kongosho kuvimba. Mjamzito asiguse kabisa. Ukiacha, uzito mwingi unarudi, na bei imechangamka, halafu kalamu mpya (ndo hiyo sindano yenyewe) inatakiwa ikae kwenye friji, umeme ukikatika Nkuhungu huko je?

Mi naona kama daktari kashakupima na hela ya kuendelea nayo ipo, sindano. Ila ya kuuziwa Insta hapana, hujui ndani wameweka nini.