Afisa usalama wa moto aliyekagua hosteli yangu Changanyikeni: nilicholipia na nilichopata

Nina hosteli ya wasichana wa chuo huku Changanyikeni, Dar es Salaam, jengo la ghorofa mbili, na wapangaji wangu wengi wanasoma Chuo Kikuu au Chuo cha Takwimu. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye hosteli, gesti na mabweni. Kila tukikutana, swali ni lilelile: kuna haja gani ya kumlipa afisa usalama wa moto wakati mitungi ya kuzimia moto tunajinunulia wenyewe? Haja ipo, tena kubwa. Ila mpate anayekagua nyumba pamoja na wanaoishi ndani yake. Waliowahi kuja kwangu kabla ya huyu walipita koridoni, wakahesabu mitungi, wakasema inapungua minne, wakaniandikia ankara. Hakuna aliyefungua mlango wa chumba hata kimoja.

Huyu wa sasa ni mama mtu mzima, amestaafu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na anafanya kazi na kampuni binafsi. Jina la kampuni siliweki hapa. Matroni wangu alimwita "afande" tangu shikamoo ya kwanza, na mpaka leo hosteli nzima inamwita hivyo.

Alipokwisha kunywa maji, kitu cha kwanza alichoulizia ni funguo.

"Mwanangu, saa nane za usiku ufunguo wa mlango wa nyuma unakuwa wapi?"

Matroni akasema uko kwenye fungu lake, chini ya mto. Afande akamwomba apande kitandani alale kama kawaida yake, akamfunga kitambaa machoni, kisha akamwambia aamke akafungue. Yeye anamfuata nyuma na simu imewekwa saa ya kuhesabu. Matroni anaijua nyumba ile vizuri, lakini alipapasa ukuta, akajikwaa kwenye ndoo za kufulia, akafika mlangoni akaanza kujaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Kufuli nalo lilikuwa na kutu. Lilipofunguka, dakika tatu zilikuwa zimepita.

Afande akatuonyesha ile saa, akatueleza kitu ambacho kila mwenye bweni anapaswa kukijua. Godoro la sponji likishika moto, chumba kidogo kinaweza kujaa moshi kabla ya dakika hizo hazijaisha. Moshi wa sponji una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na una sianidi pia, zote mbili ni sumu. Mtu aliyelala akiuvuta hashtuki. Usingizi unazidi kuwa mzito. Moto ukimfikia, mara nyingi unamkuta ameshakwisha. Akazitaja shule: Shauritanga kule Rombo mwaka 1994, Idodi ya Iringa mwaka 2009, Kyerwa mkoani Kagera mwaka 2020. Zote ni bweni, zote usiku, na zote zilizika watoto. Shauritanga peke yake ilichukua wasichana zaidi ya 40. Watu wa rika langu tunaikumbuka ile habari redioni. Mimi mwenyewe nina mabinti, na chini ya paa langu wamelala mabinti za watu.

Sasa, Dar tunajenga kwa kuogopa wezi. Grili madirishani, geti la chuma kwenye ngazi, kufuli juu ya kufuli. Nilidhani ataniambia nizing'oe, na nilishajiandaa kumkatalia. Hakusema hivyo, anajua tunaishi wapi. Alitaka kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, komeo lenyewe likae mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki. Mlango wa nyuma akataka ufunguke kuelekea nje, kwa kusukuma tu ukiwa ndani, halafu ufungwe kengele ya betri inayolia mlango ukiachia. Kwa hiyo binti akitaka kutoroka usiku matroni atasikia, na moto ukiwaka hakuna wa kutafuta ufunguo gizani. Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani aliifanya kazi yote, na gharama ilikuwa ndogo kuliko mitungi minne niliyokuwa nimeandikiwa na wale wa mwanzo.

Mitungi aliigeukia baadaye. Ya poda ilikuwa imesimama chini ya ngazi, mshale wa geji uko kwenye kijani, na sisi tulikuwa tumeridhika. Akaubeba mmoja, akaupindua kichwa chini, akaushikilia karibu na sikio. Akanipa na mimi. Hapakuwa na kitu kinachosogea ndani. Poda iliyokaa muda mrefu bila kutikiswa inajikandamiza chini ikawa ngumu. Presha itakuwepo, mshale utaonyesha kijani, lakini ukibonyeza unaweza kutoa upepo mtupu. Wa pili aliupindua hivyohivyo na tukasikia poda ikiporomoka, shwaa, kama mchele kwenye debe. Huo ni mzima. Tangu siku hiyo matroni anaipindua yote kila mwanzo wa mwezi na kuandika tarehe kwenye kadi iliyoning'inizwa shingoni mwa mtungi.

Ule wa kaboni dayoksaidi, wenye mdomo mpana mweusi, hauna geji kabisa. Unajulikana kwa uzito. Tukaupeleka kwenye mizani ya duka la jirani, afande akalinganisha na namba zilizogongwa kwenye chuma, akaona gesi imepungua. Huu ndio wa kutumia kwenye umeme kwa sababu hauachi uchafu wala haupitishi umeme, lakini usiushike ule mdomo wake unapopuliza. Baridi yake inababua ngozi. Mitungi yote minne akaitundika ukutani kwenye njia ya kutokea, ili anayeufuata mtungi awe anausogelea mlango.

Vyumbani ndipo alipokaa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo niliona thamani ya pesa yangu. Aligonga kila mlango, akawasalimia mabinti, akaomba ruhusa, akaingia. Chumba cha tatu alikuta ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na juu yake kuna pasi, birika la umeme na jiko dogo la koili lililofichwa nyuma ya begi. Hakufoka. Aligusa plagi kwa mgongo wa kiganja, akamwita mwenye chumba naye aguse. Ilikuwa ya moto, na plastiki imeanza kugeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini. Akamfanyia hesabu kwenye daftari lake la chuo: umeme wetu ni volti 230, ekstensheni imeandikwa ampea 13, ukizidisha unapata wati 2,990. Birika pekee lina wati 2,000, jiko 1,000, pasi 1,200. Jumla 4,200. Waya unabebeshwa mzigo usio wake, unachemka chini ya zulia ambako hakuna anayeuona, na juu ya zulia kuna godoro. Binti yule anasoma takwimu. Alinyamaza akaitazama ile hesabu, kisha akachomoa jiko mwenyewe.

Kilichofuata nilikipenda zaidi. Afande aliniambia marufuku peke yake haitoshi, kwa sababu mwanafunzi mwenye njaa saa tano usiku atapika tu, na atapika kwa kujificha, chini ya kitanda. Akashauri nitenge chumba kimoja kila ghorofa cha kupikia na kupigia pasi, chenye soketi zake na breka yake, sakafu ya vigae, bila pazia. Nimefanya. Majiko ya koili yamehamia huko yenyewe.

Gesi ya jikoni tulikuwa tumeiweka ndani, mtungi wa kilo 38. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipai, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona na kwenye mitaro mpaka ikutane na cheche. Harufu yake ile kali imewekwa makusudi ili tuigundue, kwani yenyewe haina harufu. Akachukua povu la sabuni akalipaka kwenye maungio ya mpira, na kwenye regyuleta povu likaanza kuvimba taratibu, kiputo juu ya kiputo. Mpishi wetu aliona kwa macho yake. Mtungi sasa umesimama nje, kwenye kivuli, ndani ya kizimba chenye wavu, na mpira ni mpya.

Mafunzo yalifanyika jioni uani. Aliwasha moto wa dizeli kwenye karai la kujengea, akasimama kwa namna upepo unampiga mgongoni, akavuta pini, akaelekeza mdomo chini kwenye kitako cha moto, akapuliza huku akifagia kushoto na kulia. Mtungi wa kilo sita unakwisha ndani ya nusu dakika hivi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kupuliza juu juu kwenye ndimi. Moto ukizimika, unarudi kinyumenyume ukiutazama, haugeuzi mgongo. Akawaambia pia wakati wa kuacha: mtungi mmoja ukiisha na moto bado upo, funga mlango, ondoka. Mpishi yeye alifundishwa habari ya mafuta ya kukaangia. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko au blanketi la moto, usiiguse mpaka ipoe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inatanuka kufikia karibu lita 1,700, ndiyo maana maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka, yale mafuta yanaruka mpaka dari.

Usiku, bila kutangaza, akapiga king'ora. Mabinti walitoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye mwembe karibu na geti, sehemu tuliyoichagua ya kukusanyikia, na matroni akaita majina kwa daftari. Mmoja akakosekana. Alikuwa amerudi ndani kuchukua kompyuta yake, na wenzake wawili walikuwa wameshaanza kumfuata. Afande alimsubiri atoke, akamweka mbele ya wote, na kwa sauti ya chini kabisa akamwuliza ni zimamoto yupi angetakiwa kuingia kumtafuta, na wale wawili mama zao angewaambia nini. Binti alilia. Wengine mnaweza kuona ni ukali. Mimi naona aliyastahili maneno yale, na tangu hapo mazoezi yetu yanakwenda vizuri.

Kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: gari la Zimamoto litafikaje? Alitoka akaupima uchochoro wetu kwa hatua, akatazama nyaya zilizolegea, akatazama magari yanayoegeshwa mbele ya geti. Akaniambia nihamishe mawe niliyopanga kuzuia bodaboda, na kwenye simtanki langu la maji la lita 5,000 niweke koki kubwa upande wa njia. Ukutani kwa matroni tumebandika namba 114 pamoja na maneno ya kumwelekeza dereva: njia ya kukatia, kituo cha daladala, rangi ya geti. Mtu mwenye hofu anasahau hata jina la mtaa wake, kwa hiyo anasoma tu yaliyoandikwa.

Pia alikuwa mkweli kuhusu mipaka ya kazi yake. Hatoi cheti. Cheti cha usalama wa moto kinatolewa na Jeshi lenyewe baada ya wakaguzi wao kupita, kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na malipo yanapitia kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Yeyote anayetaka umpe taslimu mkononi akuletee cheti, mwonyeshe geti. Kazi ya huyu wa kwangu ni kuiandaa nyumba na watu wake ili mkaguzi akifika asikute aibu, na moto ukifika usikute mateka.

Nililipa shilingi 450,000 kwa ukaguzi, mafunzo na zoezi la usiku, mitungi na ufundi nje ya hapo. Kwa afande mwenyewe sina neno. Kwa ofisi yake ninayo. Ripoti ilichelewa sana, na ilipofika imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, kurasa nyingi, wakati anayetakiwa kuifuata kila siku ni matroni na mpishi. Nilikaa nao usiku mzima nikiwatafsiria kipengele kwa kipengele. Halafu kijana wao alikuja kuchukua mitungi ya kujaza poda, akabeba yote kwa mkupuo bila kutuachia wa kuazima, jambo ambalo afande mwenyewe alikuwa ametukataza. Tulilala na ndoo za mchanga tu mpaka nilipompigia yeye binafsi, akaja na mitungi miwili kwenye gari lake. Kampuni inayouza usalama haipaswi kufanya hivyo, na nimewaambia.

Mwezi wa kumi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiripoti, nitamwita tena, maana nusu ya vyumba vitakuwa na sura mpya ambazo hazijui hata mlango wa nyuma uko wapi. Safari hii masharti nimeyaandika kwenye mkataba: ripoti kwa Kiswahili, na mtungi wa kuazima uingie getini kabla wangu haujatoka.