Steini ya mbao: kabla ya kuuliza bei, tazama chini ya kopo

Tangu nianze kuandika habari za kukarabati nyumba za zamani za Jinja, Uganda, malalamiko yanayonifikia zaidi si ya mchwa wala mabati. Ni ya milango. Mtu anapaka mlango wa mvule rangi ya mahogani, unapendeza, majirani wanasifu, kisha baada ya miezi michache upande unaopigwa na jua umegeuka wa chungwa, na wa ndani bado mwekundu. Analaumiwa fundi. Mara nyingi masikini hana kosa.

Kosa liko kwenye kopo. Steini, ile rangi inayoingia kwenye mbao na kuacha nyuzi zake zionekane, ni ya aina mbili, na dukani hakuna anayekwambia. Moja ina pigmenti, yaani chembe ndogo ngumu, nyingi zikiwa oksidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wetu wekundu. Nyingine ni rangi iliyoyeyuka kabisa, kama chai ya rangi. Hii ya pili inang'aa sana ikiwa mbichi, ndiyo maana inauzika, lakini jua linaila. Na jua letu si la mchezo: hapa ikweta, kuanzia Machi hadi Septemba jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, miezi mingine kusini. Hakuna ukuta wa nyumba unaopumzika mwaka mzima.

Kuitambua ni rahisi. Chagua kopo lililotulia kwenye rafu, usikubali litikiswe. Lifunguliwe, uchovye kijiti hadi chini. Kikitoka na tope zito, hiyo ni pigmenti. Kikitoka na maji ya rangi tu, rudisha. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Namba moja kwangu ni steini ya Sadolin, na upendeleo wangu sifichi: ile ya mafuta kwa mbao za nje, kahawia iliyokolea. Rangi iliyokolea hudumu kuliko nyepesi kwa sababu pigmenti ndiyo inayoizuia mionzi isifike kwenye mbao. Ila soma kopo vizuri. Kansai Plascon, kampuni nyingine ya rangi, waliponunua kiwanda cha Sadolin cha Uganda mwaka 2017, leseni ya jina haikubaki kwao. Sadolin ya Uganda sasa inatengenezwa na Regal Paints. Wauzaji wanajua hilo fika, lakini ukiomba Sadolin unapewa Plascon, na ukiuliza unajibiwa, "Nyabo, ni kitu kimoja." Si kitu kimoja! Hata kadi ya rangi si moja, na ukimaliza kopo katikati ya mlango ndipo utakapoujua ukweli.

Namba mbili ni steini yoyote ya mafuta ya kiwanda kinachojulikana, Plascon ikiwemo, mradi ifaulu mtihani wa kijiti. Namba tatu ni ya maji: haina harufu kali, inakauka upesi, lakini inainua nyuzi, kwa hiyo utarudia msasa. Iweke ndani ya nyumba. Unga wa kuyeyusha kwa spiriti unatosha kabati la chumbani. Ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, hapana.

Kuna wanaosema wataokoa rangi kwa kuipaka juu vanishi ya kioo, ile isiyo na rangi. Mwanga unapita kwenye vanishi hiyo, unaharibu mbao chini yake, kisha vanishi yenyewe inabanduka kama maganda. Na mvule una mafuta yake yanayochelewesha kukauka, kwa hiyo futa kwanza kwa thina. Vanishi ya zamani lazima itoke yote, la sivyo steini haitaingia. Kama nyumba ni ya kabla ya uhuru, rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: piga msasa wa maji, watoto wakae mbali. Subiri Januari au Juni mvua zikipungua.

Kinachoniudhi zaidi ni vipimo. Mlango mmoja hauhitaji galoni, lakini makopo madogo "yameisha" kila unapoyauliza, na anayekubali kukupimia anakuchotea kutoka kopo lisilokorogwa, pigmenti yote imebaki chini ikimsubiri mteja wa mwisho. Ukilijua duka, Jinja au Kampala, linalouza robo lita iliyofungwa kiwandani, niandikie. Nitapanda teksi kesho asubuhi.