Mashua ya mbao au boti ya faiba kwa kijiji cha wavuvi kilicho mbali?

Mi bado nasema mbao. Faiba ni nyepesi, haiozi, wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawaiwezi, hapo sibishi. Ila ikipasuka unataka rezini, ile gundi ya kugandishia faiba, ya kuagiza mjini, ukiipiga msasa vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na ikichakaa inabaki ufukweni miaka na miaka.

Mashua ya mbao kweli ina kazi, unaipandisha nchi kavu, unachokoa pamba iliyochakaa, ile ya kuzuia maji kwenye nafasi kati ya mbao, unasindilia mpya kwa patasi na nyundo, unapaka mafuta, na mtoto yuko pembeni kashika pamba anaangalia mkono wa babu yake, huo ndo urithi wenyewe jamani, na kwenye faiba sijauona.