Ruta ni nzuri, waliotuuzia sina hamu nao

Nikikumbuka ile simu niliyowapigia waliotuuzia ruta, damu inachemka upya, na ni wiki kadhaa sasa.

Ruta mpya ya ofisi ya Morogoro walituletea wakiwa wameisetia wenyewe, nenosiri wakabaki nalo. Kazi yake ilikuwa kubadilishana njia kwa OSPF, yaani utaratibu wa ruta kuambiana njia za mtandao, na ruta yetu ya zamani iliyoko Dodoma. Majirani wakaonana vizuri, salamu za kila sekunde 10 zikawa zinakwenda na kurudi. Kisha kimya. Mwenzangu wa Dodoma ananisomea skrini kwa simu: ExStart, yaani ruta bado ziko mwanzo wa kupeana taarifa. Baada ya saa nzima, bado ExStart. Hakuna njia hata moja iliyovuka, na wahasibu wananikodolea macho.

Nikawapigia. "Kaka, pingi inapita?" Inapita. "Basi kwetu hakuna tatizo. Zima, uwashe." Nilishazima na kuwasha mara tatu! Nikamweleza fundi wao kwamba pingi ya kawaida, ile ya kujaribu kama upande wa pili unajibu, ni pakiti ndogo ya data, na zile salamu nazo ni ndogo, hivyo kupita kwake hakuthibitishi kitu. Akacheka. "Kwani mtandao umefundishwa na nani?" Hivyo ndivyo anavyoongea na mteja aliyelipa.

Debagi ya Dodoma, yaani ripoti ya ruta ya kuchunguza hitilafu, ndiyo iliyosema ukweli: MTU, ukubwa wa juu wa pakiti. Wao waliacha baiti 9000, sisi tuna 1500. Ruta zikianza kupeana muhtasari wa njia, kila moja hutaja MTU yake, na Dodoma ilikuwa inakataa pakiti za jirani anayetaja kubwa kuliko yake. Nikaomba nenosiri nirekebishe. Wakanijibu niweke amri ya kupuuza MTU upande wangu. Sikutaka, maana siku njia zikiongezeka Morogoro itatuma pakiti kubwa isiyopita, turudi kule kule. Siku ya pili nikaiweka shingo upande, mishahara ilikuwa inasubiri. Ikaja Full, yaani ruta zimemaliza kupeana njia. Iliniuma kwamba ilifanya kazi.

Nenosiri lilipofika niliweka 1500 pande zote, nikaiondoa amri ile. Tangu hapo, haki ya Mungu, ruta haijanisumbua. Umeme ukikatika na kurudi, inampata jirani yake bila mimi kugusa kitu. Nilikuja hapa kuwaambia msiinunue, lakini ningekuwa naisingizia. Inunueni.

Ila si kwao. Lile nenosiri walilituma kwa meseji, bila hata neno samahani.