Mafungo ya toba juu ya Moshi: somo lina uzito, usiku wa mwisho unalipunguza

Nyumba ya mafungo ninayoitathmini iko kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi, upande wa Kibosho, na huduma yake kuu ni mafungo ya siku tatu kwa watumishi wa kanisa walioanguka: mweka hazina aliyetumia sadaka, mwanakwaya aliyetengwa, mwinjilisti aliyesimamishwa kazi. Niliongozana na watu wa usharika wetu nikiwa mzee wa kanisa, kwa hiyo nilikaa katika vipindi vyote isipokuwa mazungumzo ya faragha kati ya mshiriki na mchungaji.

Kuhusu malazi sina mengi. Vyumba ni safi, maji ya moto hayana uhakika, na anayekwenda mwezi wa Juni au Julai asiache sweta nyumbani. Kiburu cha mchana, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kilipikwa na mtu anayejua kazi yake.

Kinachoifanya huduma hii istahili ada yake ni namna inavyolitumia somo la Sauli na Daudi. Wafalme wote wawili walikemewa na nabii, na wote wawili walikiri kwamba wametenda dhambi, kwa hiyo anayesikiliza juujuu hawezi kuona tofauti yao. Mwalimu, mchungaji mstaafu asiyependa kupaza sauti, alitusomesha 1 Samweli 15 polepole mpaka tukaona kwamba Sauli aliwatupia watu wake lawama za mifugo ya Waamaleki iliyoachwa hai kinyume cha agizo la Mungu, na kwamba hata baada ya kukiri alimwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa Israeli. Daudi, aliyemchukua mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe, alipoambiwa na nabii Nathani “Wewe ndiwe mtu huyo”, hakutaja mtu mwingine wala hakuulizia kiti chake. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na siku hizo, inaomba moyo safi, na kuhusu ufalme haisemi neno.

Baada ya somo kila mshiriki aliandika nusu ukurasa kuhusu anguko lake, kisha akapewa kalamu nyekundu apige mstari chini ya kila sentensi ambayo mtendaji wake ni mtu mwingine. Bwana mmoja aliyeketi karibu nami alimaliza zoezi karatasi ikiwa nyekundu karibu yote: kamati ilimchelewesha, mkewe alimshinikiza, shetani alimpitia. Mchungaji aliisoma, akamrudishia kwa upole, akasema, “Mzee wangu, humu ndani wamo watu wengi, ila wewe bado hujaingia.” Bwana yule alinuna mpaka chakula cha jioni. Kesho yake aliandika upya, mistari minne tu, na wa kwanza ulitaja kiasi cha fedha alichochukua.

Zoezi hilo lilifuatwa na habari za Zakayo katika Luka 19, aliyeahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Washiriki hawakuachwa na machozi peke yake: walitakiwa kuandika nani aliumizwa, nini kitarudishwa, na kwa utaratibu gani. Katika ukanda huu, ambako wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, desturi ya kumtenga mkosaji na Meza ya Bwana na kumpokea tena mbele ya usharika ina mizizi mirefu, na ubaya wa desturi ndefu ni kwamba mtu anaweza kurudi kundini kwa kusimama Jumapili moja na kuinamisha kichwa, huku aliowadhulumu wakimtazama kutoka kwenye mabenchi bila kurudishiwa chochote.

Kasoro kubwa ni usiku wa mwisho. Waandaaji waliweka kipindi cha ushuhuda, kipaza sauti kikapita, kamera ikawashwa, na watu waliokuwa wamenyenyekea mchana kutwa wakaanza kushindana nani alianguka shimo refu zaidi na kuinuliwa juu zaidi. Dada mmoja alikataa kushika kipaza sauti, na mshereheshaji akamsihi mara kadhaa kana kwamba kunyamaza ni ukaidi. Kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa amelielewa somo kuliko sisi sote. Kiburi kilichofukuzwa kwa siku mbili kilirudishwa kwa makofi. Kipindi hicho kifutwe, na kama waandaaji wanataka picha za kuonyesha wafadhili, wapige picha za migomba.

Pamoja na hayo ningewapeleka wengine, tena mapema, kabla hawajazoea kusimulia maanguko yao kwa namna inayowapendeza. Lakini baraza la wazee lisimpe mtu barua inayotaja tarehe ya kurudishiwa nafasi yake. Wawili katika kundi letu walikuja na barua za namna hiyo, na siku zote tatu walikuwa wakiulizia cheti cha kuhudhuria.