Walinifumulia mkoko wangu: darasa la mapambo ya ukutani, Lamu

Nilitaka hasira ishuke kwanza ndipo niandike. Haijashuka.

Msimu wa kaskazi ukielekea kuisha nilijiandikisha darasa la siku mbili la kufuma mapambo madogo ya ukutani, yale ya fremu ya mbao yenye misumari juu na chini. Tulikaa barazani kwenye nyumba moja ya Mkomani. Tangazo lilisema tutafuma mandhari, nami nikaja na kifurushi cha miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, imeshachanwa na kutiwa rangi, maana nilikuwa nimeshapanga: nifume mizizi ya mkoko, inavyojipinda matao matao maji yakipwa.

Siku ya kwanza sina neno. Nilifunga mtande, zile nyuzi za wima, hadi zikawa zinalia ukizigusa. Nikaanza kupitisha mshindio, uzi wa kulala, juu, chini, juu, chini, na kufika katikati kazi yangu ikawa imebana kiuno. Mwalimu akaja akanionyesha: uzi usiuvute ukanyooka, uache umepanda kama kilima, halafu ndio uushindilie kwa uma. Ule mlima ndio unaoupa uzi nafasi ya kupita juu na chini ya mtande bila kuvuta kingo. Nilimshukuru kwa dhati.

Siku ya pili tukapewa mchoro. Milima yenye theluji na misonobari. Hapa Lamu! Kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na vidau vinapita mbele yetu vikitoka huko huko mikokoni. Nikaomba ruhusa nifume nilichokusudia, akaitikia kwa kichwa. Nikafanya kazi asubuhi nzima: maji kwa uzi wa buluu, mizizi kwa miyaa ya kahawia, tao moja baada ya jingine.

Akapita. Akasimama. Akasema, "Dada, haya ni mambo ya mikeka. Hapa tunafanya sanaa." Kisha, bila kuniuliza, akashika ncha ya mwaa akavuta. Matao matatu yakafumuka mbele ya watu. Miyaa akaiachia sakafuni.

Mambo ya mikeka! Nyanya yangu alisuka ukili kila alasiri ya maisha yake, na mikeka hiyo ndiyo iliyomsomesha mama. Mtu akikwambia hiyo si sanaa, anakuwa hajamtukana mmoja.

Nilishindwa kusema. Aliyesema ni bi mkubwa mmoja aliyekaa kando yangu. Aliinama akaiokota miyaa yote, akaichovya kwenye gilasi yake ya maji, akaniwekea mapajani. "Irowanishe, mwanangu. Ikikauka itakukatikia." Mwalimu alisikia, akaenda zake. Jioni nilipomfuata akaniambia tu nisichukulie vibaya. Neno "samahani" sikulisikia kwake.

Kwa hiyo msiende. Hilo ndilo nililokuja kuandika.

Lakini pambo nimelimalizia nyumbani, usiku, miyaa ikiwa mbichi kwa maji kama nilivyoambiwa, na kila mstari nikiupandisha kilima kabla ya kuushindilia. Kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Liko ukutani sasa hivi ninapoandika, na siwezi kudanganya kwamba mkono huu ulijifundisha wenyewe. Ni mwalimu yule yule aliyenifundisha. Hilo linaniuma zaidi, kwamba mtu mwenye ujuzi kiasi kile anaweza kuutazama mwaa asione kitu.

Basi labda mwende, kama hamjawahi kushika fremu. Mkipewa misonobari, kataeni. Na akinyoosha mkono kwenye kazi yako, mshike mkono huo.

Wametangaza darasa jingine, la vishada na mafundo ya kamba ya makumbi. Jina langu nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Bi mkubwa amesema atakwenda. Akienda nami nakwenda, na miyaa yangu naibeba.