Barabara hii nimeipa alama: baraza la mita 650, choo chenye kioo na dubu aliyelala juu ya takataka

Wadau, habari za saa hizi. Najua mmezoea kuniona na simu mkononi, nachana boksi. Leo hakuna boksi. Bidhaa ya leo ina urefu wa kilomita 47, haiuzwi dukani, na nusu ya mwaka imefungwa. Leo nachambua barabara. Usiondoke! Nipe dakika tano tu, ukichoka nenda, sitakununia.

Tuko Norwei, magharibi, kama mwendo wa saa tatu hivi kutoka Bergen ninakoishi. Mambo ya baridi na bei mnayajua, siyarudii. Barabara inaitwa Aurlandsfjellet, inapanda mlima kutoka Aurland na kushukia Lærdal upande wa pili. Kamera ameshika shemeji yangu, kaja kunitembelea kutoka Mbeya. Shem ni dereva wa lori, Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, anaipanda usiku na mzigo huku anakula karanga. Kwa hiyo leo tuna fundi ndani ya nyumba. Shem, wasalimie. Haya, kasalimia kwa kichwa, kamera yote imetikisika.

Kwa nini barabara, na si gari? Sikia. Hawa jamaa wana njia 18 walizozichagua nchi nzima, kutoka Jæren kule kusini hadi Varanger kaskazini kabisa, wanaziita barabara za taifa za utalii. Zinasimamiwa na idara ileile inayoziba mashimo. Barabara zenyewe zilikuwepo, nyingine nyembamba kama uchochoro wa Kariakoo. Walichofanya ni kutafuta wasanifu majengo na wasanii wakawaambia: hapa pazuri, tujengee kitu mtu asimame. Basi wakajenga. Mabaraza, madaraja ya miguu, mabenchi, sanamu, vyoo. Vyoo nitakuja, subirini.

Sasa twende kwenye kitu kilichonileta. Kutoka Aurland unapanda kona juu ya kona, kama kilomita 8. Shem hapa alinyamaza kabisa, nikajua anapiga hesabu. Baadaye akaniambia, "Shem, hapa semi haipiti, hiyo kona ya tatu ingekaa." Mkikutana na basi, mmoja wenu anarudi nyuma mpaka kwenye kibao cha buluu chenye herufi M, hapo ndipo pa kupishana. Mimi nilirudi nyuma mara mbili. Mara ya pili shem akashuka kuniongoza, "Njoo, njoo, kata, kataaa, hapo hapo," kama tuko stendi ya Nanenane. Wazungu kwenye basi walipiga makofi.

Halafu unafika Stegastein. Shem, geuza kamera. Hiyo hapo.

Hilo ni baraza. Wengine wanaita jukwaa, mimi naita baraza kwa sababu kazi yake ni ileile ya baraza la Unguja: ukae nje, utazame vinavyopita. Tofauti ni kwamba hili limetoka mlimani mita 30 kwenda hewani, na chini yake, mita 650, ni maji ya fyodi, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima. Mita 650 ni nini? Chukua lile ghorofa refu la PSPF pale Posta, Dar, lipange juu ya jingine, halafu jingine, halafu jingine. Ya nne. Bado hujafika. Wamelisanifu watu wawili, Todd Saunders, Mkanada anayefanyia kazi zake Bergen, na Tommie Wilhelmsen, Mnorwei. Lilikamilika 2006. Upana mita 4, chuma ndani, mbao za kugundishwa juu. Hayo ndiyo ya kwenye karatasi. Sasa nataka uone nachokiona mimi.

Naanza kutembea. Hapa mwanzoni bado misonobari iko kushoto na kulia, hawakuikata, baraza limepita katikati yake. Kwa hiyo mwili wako unajiambia, aah, niko msituni, nipo salama. Hatua kumi. Bado matawi yapo, ila sasa unayatazama kwa juu. Angalia hapo, kile ni kilele cha mti, kiko usawa wa goti langu! Hatua kumi nyingine, miti imekwisha. Sasa ni mbao na upepo. Shem, njoo. Shem?

Wadau, shem kasimama palepale kwenye miti. "Mimi naishia hapa, nitakuvuta na zumu." Mtu wa Kitonga huyu!

Haya, nachukua kamera mwenyewe. Tazama mbele. Popote pengine ukifika mwisho wa kitu kirefu namna hii unakuta ukingo, nguzo, nondo, kitu cha kukuambia basi, ishia hapa. Hapa hakuna. Mbao unazozikanyaga zinafika mwisho na kukunja kwenda chini, kama mkeka ulioning'inia kitandani, zinapotea. Kinachobaki kati yako na fyodi ni kioo, na kioo chenyewe kimeinama kwenda nje. Ukiegemea, unainama nacho. Nakiegemea sasa. Msinicheke sauti ikibadilika. Ile nukta nyeupe pale chini yenye mkia ni boti. Ni boti ya abiria ile, ina watu na mizigo yao, naona mkia wake tu.

Ngoja nirudie, nataka muelewe ujanja ulipo. Nikirudi nyuma hatua tano, hivi... kioo hakionekani. Umeona? Kimepotea. Ubongo unaona ubao unaokwenda, unakunja, halafu hewa. Nikisogea hatua tano, kinaonekana tena, kina alama za viganja vya watu. Nyuma, hakipo. Mbele, kipo. Nimefanya hivi mara sita leo, kuna mama mmoja wa Kijerumani ananiangalia kama nina matatizo. Yaani mtu kalipwa kufikiria mita mbili za mwisho tu, ukingo, kitu ambacho sisi tunampigia fundi wa kuchomelea simu, "Weka geti lolote."

Hapa nilikuwa natoa alama tisa na nusu. Nilishaitamka. Halafu yakaja mabasi.

Flåm, pale chini karibu na Aurland, zinatia nanga meli kubwa za watalii. Zikishatema watu, wanapandishwa huku. Ndani ya dakika kumi baraza limejaa kama basi la Mwendokasi la Dar saa kumi na moja jioni. Kila mtu anataka picha yake kwenye kioo, mikono imetandazwa kama tai. Sasa ule ukimya, ule ubao unaopotea, huuoni, unaona migongo. Nimekasirika, sisemi uongo. Kiingilio hakuna, kwa hiyo sina wa kudai. Ushauri: fika kabla ya saa mbili asubuhi, au njoo jioni, maana mwezi wa sita huku jua halina haraka ya kuzama. Nimeshusha hadi nane.

Twende chooni. Kweli kabisa, twende chooni, kwa sababu mabasi yalipokuja nilikimbilia huko. Choo cha Stegastein kimening'inia kwenye mteremko, na mbele yako ukiwa umekaa ni kioo. Fyodi yote ni yako. Hakuna jirani wa mbele, jirani wa mbele ni mlima, mna maji ya bahari katikati yenu. Sikurekodi ndani, kuna mipaka. Ila nimekaa zaidi ya nilivyohitaji.

Najua mtu ataandika, "Pesa zote hizo kwa choo?" Kaka, dada, hawa wamejipangia hivyo. Kule Helgeland, pwani ya kaskazini, wana choo kinaitwa Ureddplassen, kimefunguliwa 2018, paa la zege limekunjwa kama wimbi, usiku kinawaka taa kama fanusi. Na mbele yake kuna ngazi pana na mabenchi ya marumaru, kwa sababu mahali penyewe pana mnara wa kumbukumbu wa nyambizi iliyoitwa Uredd, iliyozama na watu wake wote wakati wa Vita vya Pili. Choo na mnara wa kumbukumbu vimekaa pamoja, hakuna aliyeona aibu. Mimi nimesafiri Dar hadi Mbeya mara ngapi, ile "chimba dawa" mnaijua wenyewe. Shem anacheka. Shem, unacheka nini, wewe ndiye unayetusimamisha vichakani.

Habari fupi ya chaneli kabla hatujapanda juu. Ile maiki ya kola iliyokuwa inakoroma imekufa rasmi, hii ni mpya, niambieni kama sauti ni safi. Na ule uchambuzi wa pawa benki niliowaahidi upo, unakuja wiki ijayo. Bonyeza kengele.

Kupita Stegastein, mabasi mengi yanageuza. Hii ndiyo siri ya bidhaa hii. Kipande hadi barazani kinapitika mwaka mzima, lakini kutoka hapo kwenda juu wanafunga majira ya baridi. Mwaka jana nilikuja mwezi wa tano kwa kiherehere changu, nikakuta geti limeshuka na theluji nyuma yake. Kosa langu, nilikuwa sijauliza. Mwaka huu nimesubiri mwezi wa sita, na bado tunapita katikati ya kuta za theluji, nyingine zimezidi paa la gari. Wenyewe wanaiita njia ya theluji. Kilele chake ni mita 1,306. Hakuna mti, hakuna nyumba, mawe na mabwawa yenye barafu. Shem kashuka kugusa theluji, kaonja. Mtu mzima.

Halafu mahali panaitwa Vedahaugane, ambapo nilitaka kupita tu. Kutoka maegeshoni kuna benchi la zege linatoka ardhini na kujikunja, refu, unatembea pembeni yake au unakaa. Hili sasa ndilo baraza la kweli, hata mzee wa Mkunazini angelikubali. Linakupeleka kwenye kitu kama pango. Unachungulia ndani.

Ndani kuna dubu. Amelala. Shem kanishika bega, wallahi, mtu wa kuchungulia Kitonga gizani.

Ni sanaa, ya Mmarekani anaitwa Mark Dion. Dubu kajikunja, usingizi mzito, ila hajalala kwenye majani wala kwenye udongo. Amelala juu ya rundo la vitu vya binadamu, vya enzi na enzi, vimerundikana vyote chini ya tumbo lake. Tumesimama pale muda mrefu, mimi na shem, hakuna mwingine. Shem akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu akiamka atauliza haya yote ya nani." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo alama zangu zimevurugika. Baraza lilinitetemesha miguu, lakini saa hii, nikiwa nashuka Lærdal, ninayemuwaza ni dubu. Mtanisamehe, mimi huwa natoa alama moja na kuondoka. Stegastein nane, nikifika alfajiri tisa na nusu. Dubu kumi. Choo... choo kumi.

Wapinzani? Trollstigen, ile barabara ya kona 11 iliyofunguliwa 1936. Maarufu kuliko hii, mabaraza yake ya chuma cha kutu yako juu ya maporomoko, lakini 2024 waliifunga kwa sababu mawe yalikuwa yanadondoka, kwa hiyo angalia kwanza kama iko wazi ndipo uwashe gari. Na Vardø, mbali kabisa kaskazini, kuna jengo la kumbukumbu ya watu 91 waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Msanifu wa Uswisi, Peter Zumthor, kajenga ukumbi mrefu mwembamba wenye madirisha 91, kila dirisha na taa yake, na pembeni msanii Louise Bourgeois kaweka kiti kinachowaka moto mbele ya vioo. Mama huyo alifariki 2010, mwaka mmoja kabla hapajafunguliwa. Huko nataka kwenda. Ila petroli huku ni karibu kroni 20 lita, fanya kama shilingi elfu tano, na Vardø si jirani. Mkifikisha laiki za kutosha nitaongea na mwenye nyumba wangu, yaani mke wangu.

Mpinzani mkubwa lakini yuko hapa hapa chini ya miguu yetu. Handaki la Lærdal, kilomita 24.5, refu kuliko handaki lolote la magari duniani. Lilifunguliwa mwaka 2000, na hakuna anayelazimika tena kupanda mlima. Kama si hilo, huku juu pangekuwa na malori, na shem angekuwa nyumbani.

Tunarudi kwa njia hiyo. Kamera nimeibandika kwenye dashibodi, shem kalala tangu mlangoni. Wadau, inachosha. Ukuta, taa, ukuta, taa. Hamna cha kuchambua, naipa tatu, na betri inaniambia asilimia...

Ngoja. Mnaona? Mbele kule, buluu. Wamechonga pango kubwa, taa za buluu juu na njano chini kwenye kingo. Yako matatu, kila baada ya kilomita 6 hivi, ili dereva asisinzie. Aisee. Hadi handaki! Tunaingia sasa hivi, tazama paa, tazama...

"Shem. Kumekucha?"